Bangkok kwa boti: mwongozo wa siku mbili bila kukaa kwenye foleni

Anayepanga matembezi ya Bangkok kwa kuangalia umbali kwenye ramani hupoteza nusu ya siku. Kilomita tano kwa teksi huenda zikakuchukua dakika kumi na tano usiku, na saa nzima ukitoka jioni watu wanaporudi makwao. Kinachoamua ni njia unayopita na saa unayotoka. Bahati nzuri, Kasri Kuu na mahekalu ya Wat Pho na Wat Arun, vile ambavyo karibu kila mgeni huja kuviona, vimekaa kando ya mto Chao Phraya, na mtoni hakuna foleni. Kwa hiyo kanuni ni hii: mahekalu asubuhi mapema, mchana kivulini, jioni mtoni.

Bei zote hapa ni kwa baht, fedha ya Thailand, na ni za mgeni. Mthai huingia bure au kwa bei ndogo katika sehemu nyingi, na kubishana dirishani hakusaidii. Bei hupanda mara kwa mara, kwa hiyo weka ziada kidogo. Saa zimeandikwa kwa hesabu yetu ya Kiswahili, na mabano yanaonyesha saa kama utakavyoiona kwenye tiketi na vibao. Bangkok iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa nne.

Kabla ya kupanda ndege

Anza na kadi ya njano. Thailand inawadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano wasafiri wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukichanjwa mara moja cheti ni cha maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Ukifika uwanja wa Suvarnabhumi usikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza kaunta yenye maandishi "Health Control", jaza fomu, onyesha kadi, ugongewe muhuri. Wengi huiruka kaunta hii, wakasimama foleni ya uhamiaji hadi mbele kabisa, kisha ofisa akawarudisha walikotoka.

Pili ni kadi ya kuwasili ya kidijitali, TDAC. Tangu Mei 1, 2025 kila mgeni anaijaza mtandaoni, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, kwenye tovuti ya uhamiaji ya Thailand, tdac.immigration.go.th. Ni bure. Ukikuta tovuti inayokutoza kwa kazi hiyo, umeingia kwa madalali.

Viza inategemea pasipoti yako, na masharti hubadilika. Angalia kwenye tovuti rasmi ya viza ya mtandaoni, thaievisa.go.th, au uliza ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, kabla ya kulipia tiketi ya ndege.

Mizigo: beba adapta, maana plagi zetu za pini tatu nene haziingii kwenye soketi za kule, ingawa umeme wao unakaribiana na wetu. Chukua viatu vya kuvua na kuvaa haraka, soksi (sakafu za mahekalu huwaka jua la mchana), suruali au sketi inayofunika magoti, na nguo ya juu yenye mikono. Beba dawa ya kufukuza mbu pia. Mjini Bangkok malaria si ya kuogopwa, lakini dengi ipo, na mbu wake huuma mchana.

Kuhusu majira, Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya nafuu. Machi na Aprili joto hukaribia nyuzi 40. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni mvua, ambayo mara nyingi hunyesha kwa nguvu mchana au jioni kisha ikakatika. Septemba na Oktoba ndizo mbaya zaidi. Ukifika kati ya Aprili 13 na 15 utaikuta Songkran, mwaka mpya wao, na utamwagiwa maji barabarani utake usitake. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Fedha na laini ya simu

Beba dola safi za 100 au 50. Noti ndogo, zilizokunjika au zilizoandikwa kwa kalamu hupata bei ya chini au hukataliwa. Shilingi zetu usihangaike nazo. Uwanjani Suvarnabhumi, usibadilishe kwenye madirisha ya benki pale unapotokea na mizigo; shuka hadi orofa ya chini kabisa, kwenye treni ya uwanja, ambako maduka ya kubadilisha fedha hutoa bei nzuri zaidi. Mjini, maduka yenye jina SuperRich ndiyo wenyeji huyaamini.

ATM za Thailand hukata baht 220 au zaidi kila unapotoa fedha kwa kadi ya nje, juu ya makato ya benki yako. Toa kiasi kikubwa mara moja kuliko kidogo mara tano. Mashine ikikuuliza kama unataka ikufanyie hesabu kwa fedha ya nchi yako, kataa, chagua baht. Ukikubali, inakupangia bei yake yenyewe.

Laini ya simu ya watalii hupatikana uwanjani kwa pasipoti. Pakua programu za Grab na Bolt ukiwa bado na intaneti ya uwanja. Hata usipozitumia kuita gari, zitakuonyesha bei ya haki ya safari, na hiyo ni silaha unapozungumza na dereva wa bajaji.

Kutoka uwanjani hadi mjini

Treni ya uwanja, Airport Rail Link, huanza kazi saa 11:30 alfajiri (05:30) na kufunga saa sita usiku. Hadi kituo cha mwisho, Phaya Thai, ni chini ya nusu saa na nauli ni baht 45. Hapo unaunganisha na BTS, treni ya juu ya nguzo. Ukishuka Makkasan unaweza kuvuka kwa miguu hadi kituo cha Phetchaburi cha MRT, treni ya chini ya ardhi.

Mkiwa watatu wenye masanduku, teksi ni afadhali. Shuka orofa ya kwanza, bonyeza mashine itoe karatasi yenye namba ya maegesho, nenda kwenye gari la namba hiyo. Mita huanzia baht 35. Juu yake kuna baht 50 za uwanja na ada za barabara ya kulipia, ambazo ni zako wewe abiria. Dereva akikutajia bei ya jumla badala ya kuwasha mita, sema "meter" kwa upole. Akikataa, shuka. Karatasi ya mashine baki nayo, kwa sababu namba ya gari imeandikwa humo na ndiyo utakayotumia kulalamika au kutafuta begi ulilosahau.

Mahali pa kulala, chagua ndani ya dakika kumi za kutembea kutoka kituo cha BTS au MRT. Hoteli nzuri ya bei ya chini iliyo ndani ya kichochoro kirefu, mbali na kituo, utailipia kila siku kwa jasho na nauli ya pikipiki. Waislamu wengi hupenda eneo la Nana, barabara ya Sukhumvit Soi 3 na 3/1, ambako mikahawa ya Kiarabu na ya halali imejaa. Wafanyabiashara wa nguo hukaa Pratunam.

Siku ya kwanza: mto

*Hatua ya 1. Fika gati la Sathorn kabla ya saa 1:45 asubuhi (07:45).* Panda BTS hadi kituo cha Saphan Taksin. Gati liko chini ya daraja, nje ya kituo. Hapo ndipo wageni wengi wanapoanza kukosea. Kuna kaunta kubwa ya boti ya watalii, bendera ya buluu, tiketi ya siku nzima baht 150. Si utapeli, ni boti halali na ina nafasi ya kukaa. Lakini boti ya bendera ya rangi ya chungwa, wanayopanda wenyeji wakienda kazini, inasimama kwenye gati hilo hilo, inafika kule kule, na nauli yake ni baht 16 popote unaposhukia. Kwa safari mbili au tatu za siku, hiyo ya chungwa inatosha. Boti ya bendera ya njano ni baht 21 na huruka magati mengi. Usiipande bila kuuliza. Kuna na wapiga debe wanaouza boti ndefu ya kukodi kwa mamia ya baht. Wapite.

Angalia bendera iliyo nyuma ya boti, si rangi ya boti. Unapandia nyuma, na boti haikai: mfanyakazi anapiga filimbi, inagusa gati, watu wanashuka, wanapanda, imeondoka. Usisubiri isimame kabisa kama feri ya Likoni au ya Kigamboni. Nauli hulipwa ndani kwa kondakta anayepita akitikisa kopo refu la chuma lenye sarafu; kuwa na noti za 20. Kuna sehemu karibu na nyuma iliyotengwa kwa ajili ya watawa wa Kibuddha, usisimame humo. Mwanamke asimguse mtawa wala kumkabidhi kitu mkononi, hata kwa bahati mbaya ya msongamano.

*Hatua ya 2. Shuka gati la Tha Chang, namba N9.* Ni kama nusu saa kutoka Sathorn. Pita kwenye soko dogo la gatini, nyoosha barabara ya Na Phra Lan, na ukuta mweupe wa kasri utakuwa mkono wako wa kulia. Lango la wageni linaitwa Wiset Chaisri.

Kati ya gati na lango, tarajia mtu nadhifu, pengine na kitambulisho kifuani, akikuambia kasri limefungwa leo kwa ajili ya sala, au wageni wanaingia mchana tu, na kwamba kuna bajaji itakayokuzungusha kwenye mahekalu mengine kwa baht 20 au 40. Huo ndio utapeli mkongwe kuliko wote mjini. Bajaji itakupeleka kwenye duka la vito au la suti, dereva atapata kamisheni, nawe utauziwa johari kwa maneno kwamba utaiuza kwenu kwa faida mara mbili. Dawa yake ni moja: tembea hadi langoni ukaone kwa macho yako. Zipo siku za shughuli za kifalme ambapo majengo fulani hufungwa, lakini hizo hutangazwa kwenye tovuti ya kasri na kwenye lango lenyewe, si na mtu wa njiani.

Kwa Mtanzania mwenye biashara ya madini mtego huu ni mtamu zaidi, maana Bangkok kweli ni soko kubwa la vito, na tanzanaiti yetu inauzwa kule. Wanaoifanya biashara hiyo huenda kwa miadi kwenye ofisi za mitaa ya Silom na Mahesak. Hawapelekwi na bajaji.

*Hatua ya 3. Ingia Kasri Kuu saa 2:30 asubuhi (08:30).* Tiketi ni baht 500 na huuzwa hadi saa 9:30 alasiri (15:30). Mabasi ya watalii huanza kumwaga watu kuanzia saa tatu na kuendelea, na uwanja wa ndani una kivuli kidogo sana, kwa hiyo ile nusu saa ya kwanza ni ya thamani.

Mavazi yanakaguliwa langoni. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Suruali za kubana mwili na zilizochanwa hukataliwa. Kanga au mtandio uliotupiwa juu ya blauzi isiyo na mikono mara nyingi haukubaliki hapa, ingawa mahekalu mengine hawasumbui. Vaa nguo yenye mikono tangu hotelini. Buibui, kanzu na hijabu hazina tatizo. Ukikosea, suruali pana zenye picha za tembo zinauzwa ng'ambo ya barabara, na bei huwa ya mtu anayejua huna njia nyingine.

Kasri lilianzwa mwaka 1782, mfalme Rama wa Kwanza alipohamishia mji mkuu upande huu wa mto kutoka Thonburi. Usiliende ovyo. Anzia Wat Phra Kaew, hekalu la Buddha wa Zumaridi, kabla umati haujafika. Sanamu yenyewe ni ndogo, kimo chake sentimita 66, na licha ya jina si zumaridi bali jiwe jingine la kijani. Imewekwa juu sana, na kupiga picha ndani ni marufuku. Hubadilishwa mavazi ya dhahabu mara tatu kwa mwaka, kwa majira ya joto, mvua na baridi, na kazi hiyo ni ya mfalme. Vua viatu, vua kofia, kaa chini huku nyayo zikielekea nyuma. Kumnyooshea Buddha nyayo ni tusi, na walinzi hawalifumbii macho.

Ukitoka, usiende moja kwa moja kwenye kumbi za kifalme. Zunguka kwanza ukumbi wa nje wenye paa unaolizingira hekalu: kuta zake zina sehemu 178 za michoro ya Ramakien, simulizi ya Kithai iliyotokana na Ramayana ya Kihindi, yenye majeshi ya nyani na majitu. Humo kuna kivuli, watu ni wachache, na ukiangalia pembeni ya mapigano utaona wachoraji wameweka watu wa kawaida wakipika, wakicheza na kuchungulia madirishani. Hii ndiyo sehemu inayoshinda nyingine zote ndani ya kasri, na makundi mengi hupita bila kuitazama.

Saa mbili zinatosha. Tiketi hiyo hiyo inakuingiza kwenye jumba la makumbusho ya nguo la Malkia Sirikit, ndani ya uzio huo huo, lenye kiyoyozi. Hata kama hariri si jambo lako, ingia upoe.

*Hatua ya 4. Wat Pho kwa miguu.* Fuata ukuta wa kasri kuelekea kusini, dakika 10 hadi 15. Ingia kwa lango la barabara ya Thai Wang, lililo karibu na sanamu ya Buddha aliyelala. Kiingilio ni baht 300. Sanamu ina urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, na imebanwa ndani ya jengo kiasi kwamba huwezi kuiona yote kwa mara moja. Picha nzuri hupatikana kutoka upande wa miguuni. Nyayo zake zimepambwa kwa alama 108 za ganda la chaza linalong'aa. Nyuma yake kuna mabakuli 108 ya shaba: unabadilisha noti kwa sarafu ndogo na kutia moja kila bakuli, na mlio wake unajaza jengo zima. Viatu hubebwa mkononi kwenye mfuko, si kuachwa nje, kwa sababu mlango wa kutokea si ule ulioingilia.

Hekalu hili ndilo shule mashuhuri ya kukanda mwili ya Kithai, na ndani ya uzio kuna banda la kukandwa. Jiandikishe namba unapoingia, kisha tembea. Ukisubiri hadi uchoke ndipo ujiandikishe, foleni itakuwa ndefu. Ukandaji wa Kithai hufanywa ukiwa umevaa nguo, na ni wa nguvu. Kama una tatizo la mgongo, ujauzito au presha, sema kabla.

*Hatua ya 5. Pumzika kuanzia saa sita hadi saa tisa.* Huu si ushauri wa wavivu. Joto la Bangkok halishuki hata kivulini kwa sababu ya unyevu, kama Dar ya Februari, na anayejilazimisha mchana hukosa nguvu ya jioni. Kituo cha MRT cha Sanam Chai kipo karibu na Wat Pho. Ndani yake kumejengwa kama ukumbi wa kifalme, na kina kiyoyozi. Makumbusho ya Siam yako juu yake. Kunywa maji ya chupa, usinywe ya bomba.

*Hatua ya 6. Vuka hadi Wat Arun saa tisa na nusu au kumi.* Kwenye gati la Tha Tien kuna feri ndogo ya kuvuka tu, nauli baht 5. Tatizo ni kwamba gatini kuna pia boti za kukodi, na mtu atakuambia feri imeharibika. Tafuta mahali wenyeji wanapopita na kutia sarafu. Kiingilio cha Wat Arun ni baht 200, na hufungwa saa 12 jioni (18:00). Mnara wake wa kati umefunikwa vipande vya kauri na sahani za Kichina. Simama karibu uone maua na vikombe vilivyovunjwa kwa makusudi yapatikane maumbo hayo. Ngazi ni kali mno. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka, kwa hiyo shuka kinyumenyume ukishika reli, na mwenye viatu vya kuteleza abaki chini.

*Hatua ya 7. Rudi upande wa Tha Tien kabla jua halijazama.* Wengi hukosea hapa: hubaki Wat Arun kungojea machweo. Jua huzama nyuma ya hekalu, kwa hiyo anayetazama kutoka ng'ambo ndiye anayeiona minara ikiwa nyeusi mbele ya anga jekundu, kisha taa zikiwashwa. Mikahawa ya ghorofani pale Tha Tien huuza hiyo mandhari ghali. Ukingo wa gati ni bure. Boti za chungwa hupungua jioni na kukoma mapema usiku, kwa hiyo uliza saa ya boti ya mwisho asubuhi ile ile unapopanda. Ukiikosa, MRT ya Sanam Chai ipo.

Siku ya pili: mfereji na mtaa wa Wachina

Leo usiwahi sana. Panda BTS hadi National Stadium, tembea hadi nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeifanya hariri ya Kithai ijulikane duniani na aliyepotea mwaka 1967 kwenye milima ya Malaysia, asionekane tena. Nyumba ni ya mbao, imeunganishwa kutoka nyumba kadhaa za kale, na unaingizwa kwa kundi na mwongozaji. Ukitoka, vuka mfereji wa Saen Saep uingie Ban Krua. Huu ni mtaa wa Waislamu wa asili ya Cham, ambao mababu zao ndio waliofuma hariri ile. Vichochoro ni vyembamba na watu wanaishi humo, kwa hiyo salimia na usipige picha ndani ya milango. Msikiti upo kwa atakayekutwa na adhuhuri.

Boti za mfereji huu ni daladala za majini, nauli kati ya baht 10 na 20 na ushei. Panda kwenye gati la Hua Chang ukielekea magharibi. Maji ni machafu na hurukaruka, ndiyo maana ubavuni kuna turubai lenye kamba. Aliyekaa karibu na kamba ndiye anayelivuta boti zinapopishana, na akizubaa wote wanaloa. Usikae safu ya pembeni ukiwa na nguo nyeupe. Kondakta hutembea nje ya boti, juu ya ukingo, amevaa helmeti, na paa hushushwa boti inapopita chini ya madaraja ya chini. Ingiza kichwa.

Kutoka mwisho wa magharibi tembea hadi Wat Saket, Mlima wa Dhahabu. Ngazi ni 344 lakini ni za mzunguko wenye miti na kengele, hazichoshi. Juu unaona mji wa zamani wote, na kasri la jana likiwa dogo.

Jioni nenda Yaowarat, mtaa wa Wachina, kwa MRT hadi kituo cha Wat Mangkon. Kama utafika kabla hekalu la Wat Traimit halijafungwa, tazama Buddha wa dhahabu wa tani tano na nusu. Kwa muda mrefu alidhaniwa ni wa plasta, hadi mwaka 1955 alipokuwa akihamishwa, plasta ikapasuka na dhahabu ikaonekana. Vibanda vya chakula huanza kujaa saa 12 jioni. Jumatatu vingi hupumzika.

Chakula cha mtaani ni baht 50 hadi 100 kwa sahani. Kwa Mwislamu, Yaowarat ni pa kutazama zaidi kuliko kula: mafuta ya nguruwe hutumika hata kwenye tambi za samaki, na mishikaki ya njiani mara nyingi ni ya nguruwe, ambaye kwa Kithai ni "moo". Tafuta alama ya halali yenye maandishi ya Kiarabu kwenye kibanda. Ukiona "khao mok gai" umefika nyumbani, hiyo ni biriani ya kuku ya Waislamu wa Thailand. Na embe kwa wali wa kunata uliotiwa tui la nazi haina wa kuikataa, ila Machi hadi Mei ndipo embe lenyewe ni tamu kweli.

Ukiwa na muda wa ziada

Jumamosi au Jumapili, nenda soko la Chatuchak kwa MRT hadi Kamphaeng Phet, mlango wa 2, unaotokea sokoni. Fika saa tatu asubuhi. Ukiona kitu umekipenda, kinunue hapo hapo, kwa sababu kulipata tena duka lile lile ni kazi. Kituo chenu cha kukutana kiwe mnara wa saa ulio katikati. Kwa nguo za jumla, Pratunam na jengo la Platinum huwa bora. Bei hushuka ukichukua vipande vitatu na kuendelea. Bustani ya Lumphini ina kenge wakubwa wanaozunguka kando ya bwawa. Hawana habari na mtu, nawe usiwalishe. Ukiwa bustanini au kituoni saa mbili asubuhi au saa 12 jioni, wimbo wa taifa ukipigwa watu wote husimama kimya. Simama nao.

Mambo matatu ya sheria hayana mzaha: kumkashifu mfalme au familia yake, hata kwa utani mtandaoni, ni kifungo, sigara za elektroniki ni marufuku, na sanamu za Buddha za kale hazitoki nchini bila kibali.

Bodaboda zao ni madereva wenye vizibao vya rangi ya chungwa, wanaokaa kwenye midomo ya vichochoro. Kwa safari fupi hawana mpinzani. Kubaliana bei kwanza, dai helmeti, na bana magoti, kwa sababu dereva anapita katikati ya mabasi.

Siku ya kuondoka, kama ulinunua kwenye duka lenye kibao cha "VAT Refund for Tourists" bidhaa za angalau baht 2,000 kwa siku moja, na ukachukua fomu kwa pasipoti yako, uliza kwanza kaunta ya forodha kama bidhaa zako zinahitaji kukaguliwa, kabla ya kukabidhi sanduku. Bidhaa ziwe juu, si chini ya sanduku, ofisa akitaka kuziona. Fedha zenyewe hulipwa baada ya kupita uhamiaji, na foleni ya hapo ni ndefu usiku, ndege nyingi zinapoondoka. Fika uwanjani saa tatu na nusu kabla ya ndege, na ukitoka mjini jioni panda treni, usipande teksi.